Sura ya Nne: Upepo Kwanza, Bunduki Baadaye

Anayetaka kupiga rangi gari lake mwenyewe nyumbani, awe Busia ya Kenya, Busia ya Uganda au Tororo, kwa kawaida huanza kwa kuulizia bunduki ya rangi. Muuzaji humtolea tatu au nne, anazipanga juu ya kaunta, zote zinang'aa, na bei ya moja inaweza kuwa mara kumi ya bei ya nyingine. Mnunuzi anageuza shilingi za Kenya kuwa za Uganda kichwani, anazipima mkononi, kisha anauliza ipi ni bora. Swali hilo limekuja mapema mno. Bunduki ya rangi haina nguvu yake yenyewe. Kazi yake yote inategemea upepo unaotoka kwenye kompresa, na upepo huo unategemea mota, umeme, hali ya hewa na mahali nyumba ilipo. Ninachotetea katika sura hii ni kwamba mtu anayeanza, mwenye kompresa ndogo na umeme wa nyumbani katika ukanda huu wa mpakani, achague bunduki mwisho kabisa, baada ya kujua ana lita ngapi za upepo kwa dakika. Akifanya hesabu hiyo bila kujidanganya, atanunua bunduki ya kawaida zaidi na ya bei ya chini zaidi kuliko ile aliyoitamani, na gari litatoka vizuri zaidi.

Tuangalie kwanza kinachotokea ndani ya bunduki. Ukivuta triga kidogo, unafungua upepo peke yake. Ukiendelea kuvuta, sindano inarudi nyuma na rangi inatoka kwenye nozeli. Upepo unaozunguka nozeli unaipasua rangi kuwa matone madogo, na upepo mwingine unaotoka kwenye pembe mbili za kifuniko cha mbele unaibana ipate umbo la yai refu. Matone yakiwa madogo na yanayolingana, yakigusa bati huungana na kulala, na uso unakuwa laini. Upepo ukipungua, matone hubaki makubwa, hayaungani sawasawa, na rangi hukauka ikiwa na vinundu kama ganda la chungwa. Hapo anayejifunza hulaumu bunduki, kisha rangi, kisha thina. Anaweza kubadilisha vyote vitatu na vinundu vikabaki palepale, kwa sababu kilichopungua tangu mwanzo ni lita za upepo.

Kompresa ndogo inayopatikana kwa urahisi madukani ni ile ya nguvu ya farasi 2 yenye tangi la lita 50, mota ikiwa imeungwa moja kwa moja na pampu bila mkanda. Ubavuni mwake huandikwa takriban lita 200 kwa dakika. Namba hiyo ni ujazo wa silinda mara mizunguko ya mota, yaani hewa ambayo pistoni ingevuta kama hakuna kinachopotea. Hewa inayofika kweli kwenye mpira, pampu ikisukuma dhidi ya shinikizo la tangi, hupungua kwa karibu theluthi moja. Tuseme zimebaki lita 135. Halafu kuna mwinuko. Busia na Tororo ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 12 au 13. Pistoni ileile, kwa mzunguko uleule, huvuta hewa pungufu. Zile lita 135 za pwani huku ni karibu 120, na namba hiyo ndiyo nitakayoitumia. Kama nyumba iko mwisho wa laini na volti hushuka jioni watu wakiwasha taa na pasi, mota huanza kuzunguka kwa taabu, hupata moto na hujizima, na hata hizo 120 huzipati kwa mfululizo.

Sasa weka bunduki mbili mbele ya kompresa hiyo. Ya kwanza ni ile inayoandikwa HVLP, inayotumia upepo mwingi kwa shinikizo dogo. Bunduki nyingi za aina hiyo zenye ukubwa kamili hutaka kati ya lita 250 na 400 kwa dakika. Tuchukue 300. Ya pili huandikwa LVLP, inayotumia upepo mdogo kwa shinikizo dogo, na mahitaji yake huwa kati ya lita 100 na 170. Tuchukue 150. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bari 8 hadi bari 4 hutoa lita 200 za hewa ya kawaida. Chini ya hapo mtu anayeanza asijiaminishe, kwa sababu mpira nao hula shinikizo njiani. Bunduki ya kwanza inataka 300 na kompresa inaleta 120, kwa hiyo kila dakika tangi linatoa 180 za ziada. Lita 200 zitakwisha baada ya sekunde 67 hivi. Bunduki ya pili inaomba tangini lita 30 tu kwa dakika, na akiba ileile inachukua zaidi ya dakika sita kuisha.

Dakika hizo zipime kwa kazi yenyewe. Mlango mmoja wa gari dogo una karibu mita moja ya mraba, na mtu anayetembeza mkono kwa mwendo wa utulivu, kila mstari ukifunika nusu ya mstari uliopita, humaliza mkono mmoja wa rangi kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Mwenye bunduki ya kwanza ataishiwa upepo kabla ya kufika chini ya mlango. Nusu ya juu italala vizuri na nusu ya chini itajaa vinundu. Akisimama katikati kusubiri tangi lijae, ukingo wa rangi aliyoiacha huanza kukauka, na alama ya maungio itaonekana gari likitoka juani. Mwenye bunduki ya pili atamaliza mlango, atamaliza boneti, hata paa la Toyota Premio atalimaliza bila shinikizo kuyumba. Akiweka bunduki chini kusubiri mkono wa kwanza ukauke kidogo, dakika kumi hivi, kompresa itakuwa imelijaza tangi na kupoa. Tofauti hii yote imeletwa na namba moja, na namba hiyo imechapishwa kwenye boksi la bunduki: matumizi ya hewa. Ikiandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 28 upate lita. Boksi lisilo na namba hiyo lirudishe kaunta, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni kubwa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba HVLP huokoa rangi. Ni kweli, na historia yake inaeleza kwa nini. Mamlaka inayosimamia usafi wa hewa katika eneo la Los Angeles, kusini mwa California, mwishoni mwa miaka ya 1980 ilianza kuzibana karakana za rangi za magari kwa sababu mvuke wa thina ulikuwa unachangia moshi mzito uliotanda juu ya mji. Ilitaka bunduki ambazo angalau asilimia 65 ya rangi inafika kwenye gari, na ikaweka kikomo cha shinikizo kwenye kifuniko cha mbele kuwa paundi 10 kwa inchi ya mraba, yaani karibu bari 0.7. Bunduki za zamani za shinikizo kubwa zilikuwa zinafikisha theluthi moja hivi, nyingine ikigeuka ukungu. Watengenezaji walitimiza masharti hayo kwa kuongeza wingi wa upepo: ukipunguza nguvu ya kupasua rangi, lazima uongeze kiasi cha hewa. Karakana za California zilikuwa na kompresa kubwa za mkanda zinazofanya kazi mchana kutwa, kwa hiyo upepo haukuwa tatizo lao. Sheria ile ilikuwa ya mji wenye umeme wa kutosha na hewa chafu. Anayepiga rangi uani Tororo ana shida nyingine kabisa.

Anayeleta pingamizi hilo anaweza kuendelea kusema kwamba rangi ni ghali, na kuokoa theluthi ya rangi kunafidia usumbufu wa kusubiri tangi. Ningekubali kama bunduki yenye njaa ya upepo ingeendelea kuokoa rangi. Haiendelei. Ile asilimia 65 hupimwa bunduki ikiwa imepata lita zake zote. Ikipata nusu, inamwaga matone makubwa, na rangi inayofika kwenye bati inafika ikiwa mbaya. Utaipiga msasa, utaiondoa, utapiga upya, na ulichookoa angani utakipoteza kwenye maji ya msasa. Tena LVLP nayo inafikisha sehemu kubwa ya rangi, kwa sababu shinikizo lake pia ni dogo; inachotoa sadaka ni kasi. Mstari wake ni mwembamba kidogo na mkono lazima utembee taratibu. Kwa fundi anayemaliza magari mawili kwa siku, kasi ni mkate wake. Anayepiga mlango mmoja Jumamosi asubuhi hapungukiwi kitu, na ule mwendo wa taratibu unamfaa anayejifunza kwa sababu makosa yake nayo yanakuja taratibu, akiyaona yanavyoanza.

Kuna sababu ya pili ya kuridhika na bunduki ndogo, nayo imo kwenye magari yenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda tangu 2018 imeweka kikomo cha miaka 15. Kwa hiyo upande wa Uganda magari huingia yakiwa na umri mkubwa zaidi, na pande zote mbili yanaendelea kutembea miaka mingi baada ya hapo. Busia na Tororo zote ziko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, ambapo jua la mchana husimama karibu wima kichwani mwaka mzima. Panapopata jua hilo moja kwa moja ni paa, boneti na juu ya buti, na ndipo tabaka la juu la kung'aa hupauka, hupasuka na kubanduka, wakati milango ya gari lilelile bado ina rangi ya kuvumilika. Anayeanza hahitaji kulipiga gari zima. Anahitaji kurudisha boneti, paa, labda na bampa iliyokwaruzwa na bodaboda. Kazi hiyo inagawanyika kipande kwa kipande, na kila kipande kinaingia ndani ya dakika tulizokwisha kuzihesabu. Abaki na rangi ileile ya kiwandani; kubadilisha rangi ya gari kunadai kubadilisha kumbukumbu za usajili pia.

Basi bunduki yenyewe iweje? Kikombe kiwe juu. Rangi ikishuka kwa uzito wake haihitaji upepo wa kuivuta, wakati kwenye bunduki ya kikombe cha chini sehemu ya upepo hutumika kuinyonya rangi ipande, na rangi kidogo hubaki chini ya kikombe kila mara. Mafundi wengi wa kando ya barabara wanaipenda ya kikombe cha chini kwa sababu inabeba lita nzima na inakaa juu ya meza bila kuanguka, na kwa kompresa zao wana haki. Kwa kompresa ya lita 120 ni anasa. Nozeli iwe ya milimita 1.3 au 1.4. Ukubwa huo unapitisha rangi ya msingi na unapitisha kliya, yaani lile tabaka la juu la kung'aa, na anayeanza akiwa na nozeli moja anayoizoea atajifunza haraka kuliko akiwa na tatu anazozibahatisha. Praima nzito inataka 1.7 au 1.8, na hapo ndipo penye nafasi ya bunduki ya pili ya bei ya chini kabisa, kwa sababu praima itapigwa msasa hata hivyo na vinundu vyake havitaonekana na mtu. Ile bunduki ndogo ya milimita 0.8 au 1.0 yenye kikombe cha mililita 125 hadi 250 inafaa kona ya bampa au kioo cha pembeni. Kwenye boneti itakuachia mistari.

Sijataja jina la mtengenezaji mpaka sasa, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Kanuni ya kifaa hiki ni ya zamani. Mwaka 1888 Allen DeVilbiss, daktari wa Toledo huko Ohio, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni, na mwanzoni mwa karne ya 20 mwanawe Thomas akakigeuza kuwa cha kupulizia rangi. Sindano, nozeli na kifuniko cha upepo ni vilevile hadi leo. Kinachotofautisha bunduki ya bei mbaya na ya bei nafuu ni jinsi vitundu vilivyotobolewa kwa usahihi, ubora wa chuma, na uhakika wa kupata vipuri. Tofauti hizo ni za kweli, na fundi wa kila siku anazihisi. Ila namba iliyogongwa ubavuni haikuhakikishii hata moja kati ya hizo. Bunduki ya W-71, kwa mfano, ni ya Anest Iwata wa Japani, na imeigwa sana hivi kwamba herufi na namba hizo utazikuta kwenye bunduki ambazo Iwata hakuzigusa. Baadhi ya hizo za kuiga zinafanya kazi vizuri na nyingine zinavuja siku ya kwanza. Kwa kuwa jina halikusaidii, lazima uikague mwenyewe.

Omba muuzaji aifungue mbele yako. Toa sindano nyuma, iviringishe juu ya kioo cha kaunta. Ikiyumba imepinda, na sindano iliyopinda haitaziba. Tazama ncha yake na mdomo wa nozeli kwenye mwanga: duara liwe safi, bila kovu. Irudishe, mimina thina kidogo kwenye kikombe, ishike dakika moja bila kuvuta triga. Tone likijitokeza mbele, iache. Ukifika nyumbani, kabla ya kugusa gari, simamisha boksi la kartoni ukutani, weka rangi uliyoichanganya, na kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20 vuta triga na kuiachia mara moja, mkono ukiwa umesimama. Utapata alama ya rangi yenye umbo la yai refu. Itazame kwa makini kuliko ulivyoitazama bunduki dukani. Ikiwa nzito katikati na nyembamba pembeni, upepo ni mdogo au rangi ni nzito. Ikigawanyika mafungu mawili juu na chini, upepo umezidi rangi. Ikiwa nzito upande mmoja, geuza kifuniko cha mbele nusu duara na upulize tena. Uzito ukihama upande wa pili, kasoro iko kwenye kifuniko, na pengine ni kitundu kilichozibwa na rangi kavu. Ukibaki palepale, kasoro iko kwenye nozeli au sindano. Kartoni moja itakufundisha hayo yote kwa saa moja, na hakuna jina la kampuni linaloweza kukufundisha.

Halafu kuna maji, ambayo katika ukanda huu yanastahili kuogopwa kuliko bunduki mbaya. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitaja Tororo kuwa mahali penye ngurumo kuliko popote, kwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Sababu yake wenyeji wanaiona angani: upepo wa mchana kutoka Ziwa Victoria hubeba unyevu kuelekea bara, hukutana na hewa inayopanda upande wa Mlima Elgon, na alasiri mawingu husimama. Hewa hiyo yenye unyevu ndiyo kompresa inayoivuta. Chukua hewa ya nyuzi joto 25 yenye unyevu wa asilimia 80. Kila mita ya ujazo imebeba karibu gramu 18 za maji. Bunduki yetu ya lita 150 ikipuliza kwa jumla ya nusu saa, imetumia mita 4.5 za ujazo, yaani maji ya gramu 80 na zaidi yamepita kwenye pampu. Hewa ikibanwa na kupoa haiwezi kuyashika yote, na takriban gramu 70 hugeuka kimiminika ndani ya tangi na mpira. Hivyo ni vijiko vinne vya chakula na zaidi. Tone moja la maji hayo likipita kwenye nozeli wakati unapiga kliya, litaacha kishimo ambacho hakifutiki kwa kitambaa.

Bunduki ya lita 300 ingevuta maradufu ya maji hayo, na kompresa isiyopumzika hutoa hewa ya moto ambayo maji yake bado ni mvuke. Kichujio cha maji ukikifunga palepale kwenye mdomo wa kompresa, mvuke hupita ndani yake bila kushikwa na huja kugeuka maji mbele, ndani ya mpira, karibu na mkono wako. Kifunge baada ya mita kadhaa za mpira au bomba la chuma, hewa ikiwa imepoa. Fungua koki ya chini ya tangi kabla ya kuanza na kila baada ya kipande kimoja; maji ya kahawia yatatoka, na hayo ndiyo yaliyokuwa yanaelekea kwenye boneti. Fanya kazi kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, umande ukiwa umekauka na mawingu hayajasimama. Wanaotumia rangi ya NC (nitroselulosi) wanajua pia kwamba thina inayokauka upesi, siku yenye unyevu, huacha utando mweupe juu ya rangi. Bunduki haiwezi kuuondoa utando huo. Dawa yake ni thina ya kukauka polepole, au kusubiri siku nyingine.

Wapo watakaouliza kwa nini wasinunue bunduki ya umeme isiyohitaji kompresa kabisa, zile za plastiki zenye mota mgongoni. Zilitengenezwa kwa ajili ya kuta na lango la chuma. Nozeli zake ni pana, mara nyingi kuanzia milimita 1.8, na mota yake ndogo haina nguvu ya kuipasua kliya ya gari kwa ulaini unaotakiwa. Zipo mashine za turbini zinazofanya kazi hiyo vizuri, lakini bei yake inanunua kompresa na bunduki na chenji ikabaki. Wengine watasema afadhali kumpa fundi wa bodi gari lote. Kama unataka gari likamilike wiki hii, ni shauri jema, na fundi mzuri wa Busia ya Uganda au wa Busia ya Kenya atalimaliza kwa ustadi ambao kitabu hakiwezi kukupa. Sura hii ni ya anayetaka kujifunza kwa mkono wake, na ambaye akikosea boneti anaweza kuipiga msasa na kuirudia Jumamosi ijayo.

Pesa iliyobaki kwa kutonunua bunduki ya fahari ina kazi zake. Ya kwanza ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa. Kigumu kinachochanganywa kwenye kliya ya 2K kina isosianati, kemikali inayoweza kumletea pumu mtu ambaye hajawahi kuwa nayo, na kwa baadhi ya watu pumu hiyo hairudi nyuma. Kitambaa kilichofungwa usoni huzuia vumbi la msasa. Mvuke wa kigumu hicho hupita kana kwamba kitambaa hakipo. Kichujio nacho huchoka, kwa hiyo ukisikia harufu ya thina ndani ya barakoa, badilisha. Watoto na majirani wasikae upande unakoelekea upepo, na kompresa iwe mbali na ukungu wa rangi, kwa sababu swichi yake hutoa cheche kila inapowaka. Jiko la mkaa lisiwepo uani hata kama chakula cha mchana kitachelewa. Kazi ya pili ya pesa hiyo ni mpira mrefu wa upepo, wenye tundu la ndani la milimita 8 au 10. Ule mwembamba wa milimita 6 unaokuja na kompresa hubana, na geji ya tangini inaweza kusoma bari 5 huku mkononi ukipata 2. Ukitaka kulifikia gari lililo mbali, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya wa umeme. Waya mrefu mwembamba hushusha volti na kuiunguza mota. Ya tatu ni geji ndogo ya kufunga chini ya mkono wa bunduki, ili usome shinikizo ukiwa umevuta triga. Namba inayosomeka triga ikiwa imefungwa haikuambii chochote.

Ikija siku ya kutaka kupiga gari zima kwa mpigo mmoja, hesabu ndiyo itakayobadilika, na bunduki ibadilike kufuatana nayo. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala hupitisha malori Busia na Malaba, na wazibaji wa matairi wanaoyahudumia wana kompresa kubwa za mkanda zenye tangi la lita 200 au zaidi. Ukipata ya kukodi kwa nusu siku, soma kibati chake, punguza theluthi, punguza tena asilimia 13 ya mwinuko. Zikibaki lita 300 au zaidi, HVLP imepata chakula chake na utaiona inavyolaza rangi. Kabla ya kuunga mpira, puliza upepo wake kwa dakika moja juu ya karatasi nyeupe. Kompresa iliyojaza matairi ya malori kwa miaka mingi hutoa mafuta pamoja na hewa. Karatasi ikipata madoa ya kung'aa, tafuta nyingine, kwa sababu mafuta hayashikwi na kichujio cha maji cha kawaida, na rangi hukimbia kila yanapotua.